Mshahara wa Batha: Kati ya dawa ya mama na chanjo ya mbwa

Siku ya Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, vichochoro vya Batha, katikati ya mji mkuu wa Saudi Arabia, Riyadh, hufurika watu. Wengi wao ni wafanyakazi wa kigeni waliopata mapumziko yao ya wiki: Wabangladesh, Wahindi, Wafilipino, Wayemeni, Wasudan, na miongoni mwao wenyeji wa Afrika Mashariki wanaosalimiana kwa Kiswahili.

Jina la mtaa huo lina asili yake katika bonde la mto mkavu lililokuwa likipitisha maji ya mvua, kabla ya mji kupanuka na barabara kubwa kujengwa juu yake. Siku hizi Batha inajulikana zaidi kwa nguo za bei nafuu, kadi za simu, vyakula vya kila taifa, na foleni za watu wanaotuma fedha makwao.

Nyuma ya kila fungu la fedha linalotumwa kuna orodha. Humo mna dawa ya kisukari ya mama, kliniki ya mke mjamzito na mtoto mwenye pumu. Lakini orodha hiyo si ya binadamu peke yao. Mna pia ng'ombe aliyepatwa na ndigana, mbuzi waliotupa mimba, na mbwa wa ulinzi ambaye hajachanjwa mwaka wa pili sasa.

Ndipo linapozuka swali ambalo mhamiaji hulijibu peke yake, akiwa na riyali chache mkononi: nani atibiwe kwanza, mtu au mnyama?

Wataalamu wa tiba ya binadamu na wenzao wa tiba ya mifugo wamezidi kukubaliana kwamba swali hilo, likiulizwa hivyo, humpotosha muulizaji. Katika nyumba ambamo watu na wanyama wanaishi pamoja, afya ya mmoja ni sehemu ya afya ya mwingine. Saudi Arabia na Afrika Mashariki zimejifunza jambo hilo kwa gharama kubwa.

Bima isiyovuka bahari

Kwanza ni vyema kufahamu kwa nini mzigo huo humwangukia mtu mmoja.

Sheria ya Saudi Arabia ya bima ya afya ya ushirika, iliyopitishwa mwaka 1999, inamtaka mwajiri wa sekta binafsi kumkatia bima mfanyakazi wa kigeni pamoja na wategemezi wanaoishi naye nchini humo. Kwa wafanyakazi wa nyumbani, ambao kwa miaka mingi walikuwa nje ya utaratibu huo, bima ilianza kuwa ya lazima mwezi Julai mwaka 2024, lakini kwa nyumba zenye wafanyakazi zaidi ya wanne tu.

Kuishi na familia, hata hivyo, kumekuwa ghali. Tangu mwezi Julai mwaka 2017 serikali ilianza kutoza ada ya riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtegemezi wa mfanyakazi wa kigeni. Ada hiyo iliongezwa riyali 100 kila mwaka, hadi ikafikia riyali 400 mwaka 2020.

Hesabu yake si ngumu. Fundi mwenye mke na watoto wawili anatakiwa kulipa riyali 1,200 kwa mwezi, sawa na riyali 14,400 kwa mwaka. Kwa kuwa riyali 3.75 ni sawa na dola moja ya Marekani, hizo ni dola 3,840, kabla hajalipa kodi ya nyumba wala karo ya shule. Haikushangaza basi kwamba wahamiaji wengi walizirejesha familia zao nyumbani na wao wakabaki kuchangia chumba na wenzao.

Matokeo yake ni kwamba bima ya mfanyakazi imebaki Riyadh, ilhali wagonjwa wake wako Tanga, Kisumu au Masaka.

Huko nako kinga inatofautiana. Nchini Kenya, mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, ulipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba mwaka 2024. Mtu asiye na mshahara wa kudumu hutakiwa kuchangia si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Uganda imejadili suala hilo kwa miaka mingi bila kuwa na mfuko wa taifa.

Kwa familia ambayo haimo katika mpango wowote, bima ni simu inayopigwa Batha.

Ng'ombe ni akiba

Kwa mtu wa mjini, kumtumia ng'ombe fedha za matibabu huku mzee ana shinikizo la damu huonekana kama kukosa huruma. Aliyekulia kijijini anajua mambo si mepesi hivyo.

Ng'ombe wa maziwa ni chakula cha mtoto asubuhi na fedha ya kibaba jioni. Siku mgonjwa anapohitaji kufanyiwa upasuaji, ng'ombe au mbuzi huuzwa. Mnyama huyo akifa, familia hupoteza maziwa na akiba kwa mkupuo mmoja, na mzigo mzima hurejea kwa aliyeko ughaibuni.

Mfano mzuri ni ndigana kali, maradhi yanayoenezwa na kupe na kuua ng'ombe wengi katika Kenya, Uganda, Tanzania na nchi jirani. Dawa yake ipo, lakini hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema. Ng'ombe aliyekwisha kushindwa kupumua mara nyingi hula fedha ya dawa na kufa.

Kinga ni nafuu kuliko tiba. Kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe ni gharama ndogo inayojirudia. Ipo pia chanjo ambayo hutolewa mara moja, na ambayo kinga yake hudumu kwa miaka mingi, aghalabu maisha yote ya mnyama.

Hata hivyo upo mpaka usiopaswa kuvukwa. Mgonjwa wa kisukari anayetegemea insulini hawezi kuikosa ili ng'ombe atibiwe. Upungufu wa siku chache tu unaweza kumuua. Vivyo hivyo mama mjamzito anayevuja damu, mtoto mchanga mwenye homa, na mtu yeyote aliyeumwa na mbwa. Hao hawapangiwi zamu.

Mbwa mlinzi

Kichaa cha mbwa ndicho kinachoonyesha wazi zaidi jinsi chanjo ya mnyama inavyokuwa kinga ya mtoto.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa maradhi hayo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote barani Asia na Afrika. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na takriban wanne katika kila kumi wanaokufa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15.

Dalili zikishaanza kwa binadamu, matibabu hayasaidii tena na kifo ni karibu cha hakika. Lakini kati ya siku ya kuumwa na siku ya dalili hupita majuma kadhaa, na mara nyingine miezi. Muda huo ndio fursa ya kumwokoa mtu.

Anayepigiwa simu Batha na kuambiwa kuwa mtoto ameumwa na mbwa anapaswa kwanza kuuliza kama jeraha limeoshwa. Kidonda huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, na kazi hiyo haihitaji fedha wala daktari. Pilipili, mafuta ya taa, majani na majivu havisaidii, na huweza kulidhuru jeraha.

Hatua ya pili ni chanjo siku hiyo hiyo. Kulingana na utaratibu unaotumika, mtoto hurudi kituoni mara kadhaa, wakati mwingine mara nne au tano katika muda wa mwezi mmoja. Jeraha kubwa, au lililo karibu na kichwa, huhitaji pia sindano ya kingamwili. Kwa hiyo fedha inayotumwa lazima ihesabu nauli za safari zote, maana familia nyingi huanza chanjo na kuiachia njiani.

Tatu, mbwa asiuawe kwa hasira ikiwa anaweza kufungiwa salama. Akiangaliwa kwa siku 10 na akabaki mzima, ni ishara kwamba hakuwa na kirusi kwenye mate wakati alipouma. Lakini chanjo ya mtoto haingoji siku hizo zitimie.

Visiwa vya Zanzibar vinatoa funzo. Kampeni za kuwachanja mbwa kisiwani Pemba zilifanikiwa kukata mnyororo wa maambukizi. Kirusi kiliporejea mwaka 2016, baada ya kuingizwa kutoka nje ya kisiwa, kampeni mpya ilikizima tena. WHO inashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Chini ya hapo, maradhi hupata njia.

Gharama ya kumchanja mbwa mmoja ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kumtibu mtoto aliyeumwa, na mara nyingi wilaya hutoa chanjo hiyo bure wakati wa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba.

Funzo la Jizan

Kinachowaunganisha wafugaji wa Afrika Mashariki na wakazi wa Jeddah si fedha za wahamiaji pekee. Kwa karne nyingi mbuzi, kondoo na ngamia wamekuwa wakivushwa Bahari ya Shamu kutoka Pembe ya Afrika kwenda Bara Arabu. Msimu wa Hija unapokaribia, meli zenye mifugo hutoka Berbera na Djibouti kuelekea bandari ya Jeddah.

Mwaka 1997, mvua za El Niño zilipoyafurika maeneo ya Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, na kusini mwa Somalia, ulizuka mlipuko mkubwa wa homa ya Bonde la Ufa. Maradhi hayo yalikuwa yamefahamika tangu mwaka 1930, yalipoua kondoo karibu na Ziwa Naivasha.

Mwezi Septemba mwaka 2000 homa hiyo iligunduliwa katika mkoa wa Jizan, kusini magharibi mwa Saudi Arabia, na katika nchi jirani ya Yemen. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya bara la Afrika. Kirusi chake kilifanana sana na kile kilichoonekana Afrika Mashariki miaka miwili mitatu kabla. Zaidi ya watu 100 walifariki dunia upande wa Saudi Arabia pekee.

Saudi Arabia ilipiga marufuku uingizaji wa mifugo kutoka Pembe ya Afrika, na marufuku hiyo haikuondolewa kikamilifu hadi mwaka 2009. Wafugaji wa Kisomali ambao mifugo yao haikuwa na dalili yoyote walipoteza soko lao kubwa. Katikati ya kipindi hicho, mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007, homa hiyo ilizuka tena Kenya, Somalia na Tanzania, na kuua zaidi ya watu 100 nchini Kenya, na zaidi ya 100 wengine nchini Tanzania.

Homa ya Bonde la Ufa huwaingia watu kwa njia mbili kuu: kuumwa na mbu, na kugusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa. Dalili ya kwanza huonekana zizini. Baada ya mvua kubwa, kondoo na mbuzi wengi hutupa mimba kwa wakati mmoja, na wana-kondoo wachanga hufa.

Habari hiyo ikifika Batha kwa simu, fedha ya kwanza si ya dawa. Ni ya vocha ya kumpigia ofisa mifugo. Mnyama aliyekufa asichinjwe wala kugawiwa majirani. Mimba iliyotoka isiokotwe kwa mikono mitupu. Nyama ipikwe ikaiva na maziwa yachemshwe. Mwenye homa aliyeshughulika na wanyama hao amweleze daktari hivyo, kwa kuwa bila maelezo hayo atatibiwa malaria.

Kutupa mimba kwa mifugo kunaweza pia kuwa ishara ya bruselosisi, maradhi ya bakteria yanayojulikana vizuri Afrika Mashariki na Saudi Arabia. Binadamu huyapata zaidi kwa kunywa maziwa mabichi, na humletea homa ya vipindi, jasho la usiku na maumivu ya viungo yanayoweza kudumu miezi. Kuchemsha maziwa huyazuia.

Ngamia wa Jeddah

Mwezi Juni mwaka 2012, katika hospitali moja ya Jeddah, mtaalamu wa virusi kutoka Misri, Dk. Ali Mohamed Zaki, alipata kirusi kisichojulikana katika makohozi ya mgonjwa wa miaka 60 aliyekufa kwa mapafu na figo kushindwa kufanya kazi. Kirusi hicho baadaye kilipewa jina la MERS.

Chanzo chake kilibaki kitendawili hadi ngamia walipochunguzwa. Ushahidi mzito ulitoka katika mkasa wa mwanamume mmoja aliyelazwa Jeddah mwezi Novemba mwaka 2013. Alikuwa na ngamia tisa katika zizi lililo kusini mwa mji huo. Baadhi ya ngamia walikuwa wakitokwa na kamasi, na siku chache kabla ya kuugua kwake, alimtia mmoja wao dawa puani. Mtu huyo alifariki dunia. Watafiti waliolinganisha kirusi kilichotoka kwake na kilichotoka kwa ngamia wake waliona kuwa ni kimoja, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014.

Mtu huyo hakufanya ajabu. Alimhudumia mnyama wake mgonjwa kama afanyavyo mfugaji yeyote mwema, kwa mikono yake, bila kinga.

Mwaka huo huo wa 2014 wagonjwa waliongezeka ghafla mjini Jeddah, na Waziri wa Afya, Abdullah al-Rabeeah, aliondolewa wadhifa wake mwezi Aprili. Wengi wa walioambukizwa hawakuwa wamemkaribia ngamia. Walipata kirusi hospitalini, kutoka kwa wagonjwa wengine. Tangu mwaka 2012 watu zaidi ya 2,600 wamethibitishwa kuugua MERS duniani, wengi wao Saudi Arabia, na zaidi ya theluthi moja wamekufa.

Ngamia wa Kenya na Somalia nao wamekutwa na dalili za kuwahi kuambukizwa, hata katika sampuli za damu zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1980 na 1990, ingawa wagonjwa wa binadamu barani Afrika ni nadra mno.

Kwa wanaochunga au kukama ngamia katika viunga vya Riyadh na Jeddah, ushauri ni ule ule: kuvaa barakoa na glavu unapomhudumia ngamia mwenye mafua, kunawa mikono, kuepuka maziwa mabichi, na kubadili nguo kabla ya kuingia chumba kinacholaliwa na wenzako. Wenye kisukari, maradhi ya figo au mapafu wakae mbali kabisa. Anayepatwa na homa na kukosa pumzi anaweza kupiga namba 937 ya Wizara ya Afya ya Saudi Arabia, na aseme tangu mwanzo kwamba alikuwa na ngamia.

Paka ndani ya nyumba

Wapo pia wenzao ambao wanyama wanaowashughulikia si wao. Katika majumba ya Riyadh na Jeddah, mfanyakazi mmoja wa nyumbani kutoka Mombasa au Kampala anaweza kuwa na jukumu la kumwogesha mtoto, kumpa bibi mzee dawa zake kwa saa, na kusafisha sanduku la mchanga la paka.

Kufuga paka na mbwa mijini hakukupokelewa vyema siku zote. Mwezi Julai mwaka 2008, tume ya kusimamia maadili mjini Riyadh ilitangaza kupiga marufuku uuzaji wa wanyama hao na kutembea nao hadharani. Hali imebadilika mno tangu wakati huo, na kliniki za wanyama wa nyumbani sasa ni jambo la kawaida katika miji yote miwili.

Hofu kubwa kuhusu paka ni toksoplasmosisi, maradhi ya vimelea yanayoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hofu hiyo ina msingi, lakini mara nyingi hupita kiasi. Vimelea vilivyo katika kinyesi cha paka huhitaji kati ya siku moja na tano kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo sanduku likisafishwa kila siku hatari hupungua sana. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, na kama hakuna mwingine, avae glavu na kunawa kwa sabuni. Akumbuke pia kwamba nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa huambukiza vile vile. Hakuna haja ya kumtupa paka nje.

Choa, ambayo wengine huiita mashilingi, huhama kutoka kwa paka kwenda kwa mtoto na kurudi. Kumtibu mtoto na kumwacha paka, au kinyume chake, ni kutwanga maji kwenye kinu.

Paka wa mitaani, ambao Batha na mitaa ya kale ya Jeddah wamejaa tele, wanaweza kulishwa bila kubebwa. Kichaa cha mbwa kimewahi kuripotiwa miongoni mwa wanyama nchini Saudi Arabia, wakiwamo mbwa, mbweha na ngamia. Kwa hiyo anayeumwa au kuparuzwa vibaya aoshe jeraha na aende hospitali, asione haya wala kuogopa kumweleza mwajiri.

Dawa haziazimwi

Fedha zinapopungua, kishawishi kikubwa ni kugawana dawa. Kidonge cha baba hupewa mbwa, na sindano ya ng'ombe hupewa mtu. Njia hiyo ya mkato imeleta maafa.

Parasetamoli, dawa ya maumivu iliyo salama kwa binadamu anayeitumia ipasavyo, ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa. Dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa, ikiwa na permethrini, humtia paka degedege.

Kwa upande wa pili, dawa ya mifugo imepimwa kwa uzito na mwili wa mnyama, na mtu anayejidunga hana wa kumweleza kipimo. Aidha, maziwa ya ng'ombe aliyedungwa antibiotiki hayafai kunywewa hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zitimie. Anayeyanywa mapema huchangia kuwafanya bakteria kuwa sugu kwa dawa ambayo kesho itahitajika. Saudi Arabia yenyewe ilianza mwaka 2018 kuwabana wenye maduka ya dawa wanaouza antibiotiki bila cheti cha daktari, kwa sababu hiyo hiyo ya usugu.

Kugawa mafungu

Kwa mwenye mshahara mmoja, yote haya yanaweza kupangwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wasioweza kungoja: dawa za kila siku za wagonjwa wa kudumu na mchango wa bima ya afya pale ulipo. Fungu hili halikopwi wala haliguswi, hata ng'ombe akilala chini.

La pili ni la kinga, ya watu na ya wanyama kwa pamoja: vyandarua, kliniki ya watoto, chanjo ya mbwa, dawa ya kupe na ya minyoo. Ni dogo, na ndilo watu wengi hulifuta kwanza mwezi ukiwa mgumu. Kulifuta ni kuahirisha deni, na deni hilo hurudi likiwa na riba.

La tatu ni la dharura. Likikaa kwenye akaunti ya simu ya mtu mmoja anayeaminika kijijini, halina haja ya kungoja Ijumaa wala foleni ya Batha. Mtoto aliyeumwa na mbwa Jumatatu anaweza kuchanjwa Jumatatu.

Jambo la mwisho halina gharama. Anayepiga simu kutoka Riyadh au Jeddah kuwajulia hali wazazi na watoto aulize pia habari za zizini: nani ametupa mimba, nani amekonda, mbwa gani mgeni ameonekana mtaani. Jizan na Garissa, dalili zilianza zizini kabla ya kufika kitandani. Mara nyingi mwenye kuuliza mapema hutuma fedha kidogo, na hupata muda wa kutuma ushauri kabla ya msiba.